Kupima maji taka ili kujua virusi vilivyopo mtaani, maana yake nini hasa

Watu wengi wakisikia maji taka yanapimwa wanadhani ni yale mambo ya mazingira, kiwanda kimemwaga sumu mtoni na kadhalika. Hii ni nyingine. Hapa wanatafuta virusi ambavyo watu wamevitoa mwilini kwa njia ya choo, ili wajue kuna maambukizi gani eneo fulani hata kama hakuna aliekanyaga hospitali.

Corona ndo iliifanya isikike sana ila polio ilikuwepo kwenye hii kazi miaka mingi kabla. Mtoto akiambukizwa polio virusi vinazaliana kwenye utumbo, alafu vinatoka na kinyesi kwa wiki kadhaa, na wengi hawaumwi kabisa au anapata kahoma tu mama anampa panadol maisha yanaendelea. Anaepooza ni kama 1 kwa kila maambukizi 200. Sasa piga hesabu mwenyewe, ukingoja mpaka uone mtoto mguu umelegea ndo useme polio ipo, hapo ujue imeshapita kwa mamia ya watu na hakuna aliestuka.

Nairobi ni mfano mzuri. Mwezi wa 3 mwaka 2018 sampuli ya maji taka ya Eastleigh, kule Kamukunji, ilikutwa na polio aina ya 2, ile inayotokana na virusi vya chanjo ya matone vikizunguka muda mrefu kwa watu ambao hawajachanjwa mpaka vinabadilika na kuwa vikali tena (na hapo dawa yake ni kuchanja wengi zaidi, sio kuacha chanjo kama wengine wanavosambaza whatsapp). Kenya nzima hakuna mtoto aliekuwa amepooza kwa virusi hivo. Waliposoma jeni zake wakaona vina undugu na vile vilivyokuwa vimepatikana Banadir, Somalia, yaani Mogadishu na maeneo yake, na anaeijua Eastleigh hashangai, watu na biashara za pande hizo mbili ni kitu kimoja. Chanjo ikapelekwa kabla ya msiba. London nao yaliwakuta 2022, kwenye mtambo wa kusafisha maji taka wa Beckton unaopokea maji ya watu kama milioni 4, wakaamua watoto wa mwaka 1 hadi 9 wapewe dozi ya nyongeza.

Kazi yenyewe haina urembo. Asubuhi mapema, muda ambao kila mtu anaenda chooni, jamaa na glovu na gambuti anafunua chemba, anashusha ndoo kwa kamba, anachota kama lita moja anafunga kwenye chupa na kuiweka kwenye boksi la barafu. Wengine wanatega mashine inayovuta kidogo kidogo masaa 24 kwa sababu kuchota mara moja unaweza kukosa. Maabara wanachuja na kukusanya virusi maana ni vichache kwenye maji mengi, alafu ni PCR, kile kipimo cha kutafuta jeni za virusi kilichotumika kwenye corona, au kwa polio wanaviotesha kwenye seli waone kama viko hai.

Mvua ikinyesha maji yanakuwa mengi na virusi vinaonekana vimepungua kumbe wapi. Kwa hiyo baadhi ya maabara wanapima pia kirusi cha mmea wa pilipili, sisi tunakula pilipili na masosi yake, kinapita tumboni bila kutudhuru, kikionekana kidogo wanajua sampuli ina kinyesi kidogo na wanarekebisha hesabu. Mimi hii ndo huwa inanifurahisha kuliko zote.

Ila haiwezi kukwambia nani anaumwa wala ni wagonjwa wangapi kamili, na chemba ya mtaa wenye maelfu ya watu haimtaji mtu. Wakipima jengo moja, tuseme bweni au gereza, hapo kidogo naona watu wana haki ya kuuliza maswali.

Kwetu shida kubwa ni kwamba wengi tunatumia choo cha shimo, hatujaungwa kwenye bomba, kwa hiyo wanachota kwenye mitaro, mito na mabwawa ya maji taka yanakomwagwa na magari ya kunyonya. Ukikuta virusi pale ni habari ya uhakika, usipokuta inaweza kuwa mtaa ni salama au ni kwamba kinyesi chake kiko bado kwenye mashimo ya watu na hakijawahi kufika kwenye huo mtaro.