Kitabu kina mchawi ndani, mtoto asome au asisome?

Haipiti wiki bila mzazi kunitolea kitabu kwenye mkoba, kakishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa jalalani, kavani kuna kijana ana fimbo na nyuma yake joka linatema moto, na swali ni lile lile, "Daktari, hiki hakitamharibu mwanangu?" Mi si daktari wa sindano, ni mwanasaikolojia wa watoto, ila nishaitwa hivyo mpaka nimeacha kusahihisha. Mtoto mwenyewe yuko kiti cha pembeni kanyamaza, ananiangalia kama mshtakiwa anavyomwangalia hakimu, maana kaishia chapta ya 12 na hajui joka limeishia wapi.

Sasa leo naandika jibu zima, nikiulizwa tena natuma linki.

Tuanze na neno lenyewe kwa sababu nusu ya ugomvi iko hapo. Kiswahili hakina utani na uchawi. Ukitamka uchawi umetamka ubaya, umesema kuna mtu anamroga mwenzake, anafunga riziki za watu, hakuna mchawi mwema kwenye lugha yetu na hata ukimtania mtu hivyo unaangalia kwanza nani yuko karibu. Mganga ni mtu mwingine kabisa, mpiga ramli mwingine, na yule anayetoa njiwa kwenye kofia anafanya mazingaombwe, kiinimacho tu, hakuna atakayemkimbia. Kiingereza wana neno moja, magic, linalobeba vyote hivyo, la kuroga ndo hilo hilo la njiwa, kwa hiyo mtu akikuambia "hiki ni kitabu cha uchawi" wewe unasikia kile Kiswahili kinachosema, unashtuka, na mi sikulaumu. Ila ukikifungua unakuta nini? Mtoto anatamka neno la kubuni lenye sura ya Kilatini, unyoya unaelea. Hakuna maelekezo ya kumdhuru mtu, hakuna kitu mwanao anaweza kwenda kukijaribu jikoni kikafanya kazi. (Wanajaribu, kwa taarifa yako. Wengi wanajaribu na kijiko. Hakielei, wanaendelea na maisha.)

Haya, je mtoto anajua kwamba ni ya kubuni? Kwa sehemu kubwa anajua, na anajua mapema kuliko tunavyodhani. Mtoto wa miaka 4 ukimuuliza zimwi la kwenye stori lipo kweli au la uongo mara nyingi anakujibu vizuri tu. Akisikia paukwa akaitikia pakawa, ashajua kaingia sehemu ambayo sungura anaongea na fisi anakopa hela, na stori ikiisha anatoka, haendi kumtafuta sungura amlipe.

Lakini kujua ni kitu kimoja na kuogopa ni kingine, na hapa wazazi wengi tunajichanganya. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Paul Harris na wenzake walichapisha majaribio ambayo mi nayapenda sana: watoto wa miaka 4 na 6 wanaonyeshwa sanduku tupu, wengine wanaambiwa wawaze kwamba ndani kuna sungura, wengine wawaze kuna zimwi. Ukiwauliza wanakuambia hamna kitu, tunawaza tu. Ila mtafiti akiaga kwamba anatoka kidogo, baadhi ya wale wa zimwi hawataki aondoke, na kuna walioachwa peke yao wakaenda kuchungulia sanduku lile lile waliloliona tupu kwa macho yao. Usiwacheke. Wewe mwenyewe juzi umeangalia muvi ya kutisha afu ukaenda chooni mbio.

Kwa hiyo mtoto anaweza kukuambia kwa akili timamu "mama, hiyo ni stori tu" na usiku asilale. Hapo ndo mzazi anakamata kitabu, anaona mchawi kavani, kesi imeisha, mhalifu kapatikana. Na mara nyingi kakamata asiyehusika.

Nililetewa msichana wa miaka 9, alikuwa analala mwenyewe vizuri afu ghafla akakataa, kila usiku anahamia kwa wazazi. Nyumbani walishamnyang'anya Harry Potter ya kwanza, ile stori ya yatima anayepelekwa shule ya uchawi, wakijua ndo chanzo. Mi nikamuuliza tu, sehemu gani ilikusumbua? Nilitegemea atataja yule adui mwenye uso nyuma ya kichwa cha mtu mwingine, maana hata mi ile sehemu siipendi. Wala. Akaniambia sehemu ya mwanzo, yule mtoto wazazi wake wamekufa analelewa na mama mkubwa asiyempenda, analala kwenye kabati chini ya ngazi. Afu akaniuliza, "Anti, mama akifa mimi nitalala wapi?" Kumbe mama yake alikuwa amelazwa mwezi mmoja kabla, akafanyiwa upasuaji, akarudi, na katika nyumba nzima hakuna mtu aliyekaa na huyu mtoto akamweleza mama aliumwa nini na sasa hivi yukoje. Wazazi walikuwa wanakagua fimbo, mtoto anaangalia kitanda.

Nimeona kesi za namna hii nyingi mpaka sasa nikishikishwa kitabu cha fantasia sitafuti tena mchawi. Natafuta nani kafa, nani kaachwa, mtu mzima gani kamsaliti mtoto. Hayo ndo yanayoenda naye kitandani. Joka halimfuati mtu nyumbani, baba wa kambo mkali anafuata.

Na si kwamba mimi nimegundua kitu kipya, ukiangalia historia ya vitabu vyenyewe utakuta watu wazima walishalijua hili zamani bila kulisema. Ndugu Grimm wa Ujerumani walipotoa mkusanyiko wao wa hadithi mwaka 1812, yule mwanamke mwenye wivu anayetaka Snow White auawe alikuwa ni mama yake mzazi. Mama wa kumzaa! Toleo la pili, 1819, kageuzwa kuwa mama wa kambo, na Hansel na Gretel, wale watoto waliotelekezwa msituni, nao mama yao akaja kugeuzwa hivyo hivyo kwenye matoleo ya baadaye. Mmoja wao, Wilhelm Grimm, aliendelea kuzirekebisha hadithi zile mpaka toleo la 1857, akaondoa pia vitu vya ujauzito ambavyo aliona si vya watoto, ila kioo kinachoongea hakukigusa, mchawi anayekula watoto kabaki pale pale kwenye nyumba yake ya mkate. Yaani mtu kakaa na kalamu miaka zaidi ya 40 anasafisha hadithi ziwafae watoto, na kilichomtia wasiwasi si uchawi, ni mama.

(Kina mama wa kambo mna haki ya kumdai fidia yule bwana, miaka 200 mmebeba lawama isiyo yenu.)

Sasa kuna kitu wazazi hawakiangalii kabisa nacho ni sirizi. Mzazi anasoma kitabu cha kwanza, anaridhika, anaruhusu, anadhani karuhusu vyote. Harry Potter cha kwanza kilitoka Uingereza mwaka 1997, kina kurasa 223, shujaa ana miaka 11. Cha nne, cha mwaka 2000, mwishoni mwanafunzi anauawa makaburini mbele ya mwenzake, hivi hivi, bila sababu. Cha tano kina kurasa 766 na shujaa ana hasira na huzuni ya kijana wa miaka 15. Wale wasomaji wa kwanza walikua pamoja naye kwa sababu walikuwa wanasubiri mwaka, miaka miwili, mitatu kati ya kitabu na kitabu, mpaka kinatoka cha saba 2007 ashakuwa kijana. Mwanao hasubiri kitu. Anaanza likizo ana miaka 8, likizo inaisha ana miaka 8 hiyo hiyo na kashafika kwenye makaburi. Kuruhusu kitabu cha kwanza si kusaini cheki tupu, na kusema "hiki cha nne ngoja ufike 11" si ukatili, watoto wanalielewa hilo vizuri kama kwenye kitabu cha kwanza hukuwa mnoko.

Ishu ya dini. Najua wengine mmeruka mpaka hapa. Kama imani yako inakuambia kitabu hiki hakiingii nyumbani, hiyo ni nyumba yako na mi sina cha kukuelekeza, hujaniita nije kukuhubiria. Ila nijuavyo watu wa dini wenyewe hawajawahi kukubaliana kwenye hili. C. S. Lewis aliyeandika Narnia na Tolkien wa The Hobbit walikuwa Wakristo wa kusali kabisa na vitabu vyao vimejaa wachawi, na upande mwingine chama cha maktaba cha Marekani kilitaja Harry Potter kuwa ndiyo vitabu vilivyolalamikiwa kuliko vyote kati ya 2000 na 2009, na Alamogordo kule New Mexico kanisa moja lilivichoma moto mwishoni mwa 2001. Wasomaji wa Maandiko yale yale. Ninachokuomba mimi ni kimoja, ukikataza mwambie mtoto sababu yako ya kweli, usimtishie kwamba akifungua ataingiwa na kitu. Nimewapokea watoto walioambiwa hivyo, na walikuwa wameshasoma kurasa 30 kwa siri. Fikiria mtoto huyo usiku wake unakuwaje. Hapo kilichomtisha ni wewe.

Na kwenye nyumba ambazo uchawi unaongelewa kama kitu kilichopo, tena wanataja na majina ya watu, mtoto anapata kazi ngumu zaidi, kwa sababu anaambiwa fisi anayeongea ni uongo, fimbo ni uongo, ila jirani ni kweli. Kwa hiyo lazima umwekee mpaka kwa maneno, "hawa wa kitabuni wametungwa na mtu mezani kwake", mtaje na huyo mtu, muonyeshe jina lake kavani. Inasaidia kuliko unavyofikiri.

Kuna watoto nawaambia wazazi hapana, sasa hivi hapana. Mtoto wa chini ya miaka 5 na vitabu vyenye picha za kutisha, hapana, na hata ukitaka ajifunze kitu fulani kupitia stori, wadogo hivi wanahamishia maishani vizuri zaidi mambo waliyoyasoma kwenye stori za watu wa kawaida kuliko za viumbe vya ajabu, tafiti kadhaa zimeonyesha hivyo. Mtoto aliyefiwa juzijuzi, msubirishe. Na huyu wa tatu ndo nataka mniangalie vizuri. Watoto wadogo, kama mwanasaikolojia Piaget alivyoeleza zamani, wanafika mpaka miaka kama 7 bado wanaamini kwamba kuwaza kitu kunaweza kukifanya kitokee. Mvulana mmoja wa miaka 6 alimwambia mdogo wake "ufe" wakigombania gari la plastiki, wiki ile ile mdogo akapata homa kali akapelekwa hospitali. Alipona, lakini huyu kaka alikaa miezi hasemi na mtu kuhusu hilo neno, ananawa mdomo mara 10 kwa siku na hakuna anayejua kwa nini. Mtoto wa namna hii ukimpa stori ambayo mtu anatamka neno moja na mwenzake anaanguka, umemthibitishia anachokiogopa. Kitabu hakina kosa, ila si chake, si mwaka huu.

Wengine wote, wasome. Na kama unaweza soma naye, hata akiwa na miaka 10 anajua kusoma kuliko wewe. Kuna utafiti wa Italia ulioongozwa na Loris Vezzali, ulitoka 2014, walichukua watoto wa shule ya msingi wakawa wanasoma vipande vya Harry Potter na kuvijadili na mtafiti kwa wiki 6. Waliosoma vipande vinavyohusu ubaguzi walianza kuwaona wahamiaji kwa jicho zuri zaidi, hasa wale waliojiona wako kama Harry. Watoto walikuwa wachache kwa hiyo msianze kuutangaza kama dawa, ila mi kilichonivutia ni kwamba hawakuachiwa kitabu wakasome peke yao kona, kulikuwa na mtu mzima wa kuongea naye.

Na kuongea si kumfanyia mtihani. Usiulize "umejifunza nini", hilo swali linaua kitabu hapo hapo. Mi nina swali moja nalitumia ofisini na halijawahi kuniangusha: ungepewa hiyo fimbo kwa siku moja, hapo nyumbani ungebadilisha nini?

Yule wa chapta ya 12 nilimuuliza hivyo baba yake akiwa pale pale, kitabu kiko mezani katikati yetu. Akafikiria kidogo, akasema angegeuza simu ya baba kuwa chura. Nikamuuliza kwa nini chura, akasema, "Chura ukimshika sana anaruka." Baba akacheka kwa sauti, mi pia nikacheka, afu nikaona mkono wake unaitelezesha simu taratibu kuelekea mfukoni.