Tundu la shingoni halizibwi: kwa ndugu wa waliotolewa zoloto

Kiangazi kikishika na vumbi la Moshi likianza kutimka, malalamiko kliniki ni yale yale: mgonjwa analetwa akihema, shingo imezungushiwa kitenge kizito eti asipigwe na baridi. Ndugu wana nia njema, ila wanamziba pua.

Aliyeondolewa zoloto lote, yaani kisanduku cha sauti kilichoko kooni, hapumui tena kwa pua wala mdomo. Koo la hewa limeshonewa kwenye ngozi ya shingo, na tundu lile ni la kudumu. Bado tunaulizwa litafungwa lini. Halifungwi. Yule jirani ambaye lake lilifungwa alikuwa na tundu la muda, na zoloto lake lilibaki. Tafadhali tusichanganye. Hata wahudumu wa zahanati nawaomba: akizidiwa, oksijeni huwekwa shingoni.

Hewa isiyopita puani huingia kavu, baridi na chafu, ndiyo maana makohozi huganda. Mfunikeni kwa kitambaa chepesi cha pamba, kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri. Akioga, maji yasiingie tunduni, kuogelea asahau. Pia harufu haisikii kama zamani, kwa hiyo mtungi wa gesi ukivuja nyumbani asitegemewe kugundua.

Siku ya kliniki aje na karatasi ya ruhusa ya kutoka wodini, majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa, kadi ya bima na, kama ametoka hospitali ya wilaya, barua ya rufaa. Barua yenyewe, siyo picha kwenye simu ya mjomba aliyebaki Rombo. Aliyepigwa mionzi alete na karatasi za mionzi, kwa sababu tezi ya shingo inaweza kudhoofika na lazima homoni zake zipimwe. Faili likikosa karatasi, foleni inaanza upya.

Sauti hurudi, ingawa si ile ya zamani. Wapo wanaowekewa vali ndogo kati ya koo la hewa na umio, yaani njia ya chakula: mgonjwa huziba tundu kwa kidole, hewa inapita kwenye vali, umio unatetemeka, anaongea. Vali huchakaa, mara nyingi ndani ya miezi 3 hadi 6, na dalili ni kukohoa kila anapokunywa chai. Ulizeni bei ya vali ya pili kabla ya kuwekewa ya kwanza. Kwa mtu anayehangaikia nauli, mimi ningeanza na kifaa cha betri cha kubana shingoni, au kujifunza kusemea umio, yaani kuingiza hewa na kuirudisha kama mbweu. Hiyo ni bure, ila inataka miezi ya mazoezi.

Na jamani, huyu si kiziwi, msimpigie kelele. Mzee akiamkiwa shikamoo akainua mkono tu, ameshaitikia.

Tundu likitoa damu, likianza kuwa jembamba, au pumzi ikikoroma, msingoje tarehe ya kliniki. Njooni dharura usiku huo huo, karatasi zitafuata.