Je, wajua kwa nini SQL huandikwa kuanzia SELECT ilhali hufuatwa kuanzia FROM?

Anayeanza kujifunza SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, hukutana mapema na kosa linalomfanya ajishuku bure. Tuseme ana jedwali la vitabu na anakadiria kwamba kila ukurasa husomwa kwa dakika mbili. Anaandika:

SELECT jina, kurasa * 2 AS dakika
FROM vitabu
WHERE dakika > 600
ORDER BY dakika;

Hifadhidata nyingi, PostgreSQL ikiwamo, zitamjibu kwamba hakuna safuwima inayoitwa dakika. Si ameitaja mwenyewe mstari wa kwanza, kwa AS dakika? La ajabu zaidi, akiufuta mstari wa WHERE, swali linapita, na ORDER BY, inayopanga matokeo kwa mfuatano, inalitambua jina lile lile bila taabu.

Ni kwamba swali la SQL halifuatwi kwa mpangilio linavyoandikwa. Huanza FROM: data inatoka jedwali gani? Kisha WHERE huchuja safumlalo. GROUP BY, ikiwapo, huzikusanya zilizobaki katika mafungu, na HAVING huyachuja mafungu hayo. Hapo ndipo zamu ya SELECT inapofika, nayo ndiyo inayolizaa jina dakika. ORDER BY huja nyuma yake na kulikuta jina tayari. WHERE ilipita zamani, jina halijazaliwa. Dawa ni kuirudia hesabu yenyewe: WHERE kurasa * 2 > 600.

Ukishaushika mpangilio huu, fumbo jingine linafumbuka lenyewe. Huwezi kuandika WHERE COUNT(*) > 5 kwa kuwa WHERE inapofanya kazi hakuna fungu lolote la kuhesabu. Hiyo ni kazi ya HAVING. (Ndani kwa ndani hifadhidata ina ruhusa ya kupangua hatua ili iende kasi, mradi jibu lisibadilike. Mpangilio huu ni wa maana ya swali.)

Basi kwa nini SELECT ikatangulizwa? Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza data ipangwe kwa majedwali, lakini njia zake za kuuliza zilijaa alama za hisabati. Wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce walitaka hata asiye mtaalamu wa programu aweze kuuliza. Lugha yao ya kwanza, SQUARE, ilihitaji herufi zinazoshuka chini ya mstari, jambo gumu kwa kibodi. Mwaka 1974 wakatangaza SEQUEL, iliyofuata sentensi ya Kiingereza ya kuagiza, na mwagizaji hutaja kwanza anachokitaka: nipe majina, kutoka jedwali la vitabu, yale yenye sifa hii. Jina lilikuja kufupishwa kuwa SQL kwa sababu SEQUEL lilikuwa tayari alama ya biashara ya kampuni nyingine.

Kwa maoni yangu, walichagua vyema kwa msomaji, ila mwandishi mgeni ndiye anayelipa gharama. Ndiyo maana namshauri aanze kuandika FROM, aongeze WHERE, kisha apande juu kuijaza SELECT. Hata kihariri, yaani programu anayoandikia, humsaidia zaidi hivyo: kikishalijua jedwali, kinaweza kumpendekezea safuwima zake.