Dini ya Wadruidi na Dai la Asili ya Kifoinike: Ushahidi Unasema Nini

Yako maandishi mengi yanayodai kuwa Wadruidi, yaani makuhani na wanazuoni wa Wakelti wa kale (watu wa Ulaya ya magharibi), walifundishwa dini na Wafoinike waliotoka Tiro na Sidoni, katika Lebanoni ya leo, kufuata bati la Uingereza. Dai hili linavutia kwa sababu limebeba kweli mbili: Wafoinike walikuwa mabaharia hodari, na Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna bati. Lakini kuuza bati ni jambo moja, kufundisha dini ni jambo jingine, na kila moja linadai ushahidi wake.

Kwanza Wadruidi wenyewe. Hawakuandika mafundisho yao. Julius Caesar, jemadari wa Kirumi aliyepigana Galia (Ufaransa ya leo) kuanzia mwaka 58 KK, anaeleza kuwa baadhi ya wanafunzi walikaa masomoni hata miaka 20 wakihifadhi beti kwa moyo, ingawa kwa mambo ya kawaida walitumia herufi za Kigiriki. Wadruidi waliamua kesi za mauaji, mirathi na mipaka. Hawakulipa kodi wala kwenda vitani. Adhabu yao kali kupita zote ilikuwa kumzuia mtu asishiriki kafara, na aliyezuiwa alikwepwa na watu kana kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza. Walifundisha kuwa roho haifi bali huhamia mwili mwingine. Kuhusu asili ya elimu hiyo, Caesar anasema ilidhaniwa kuwa ilianzia Uingereza ikaletwa Galia. Maneno yake yana uzito hapa kwa sababu Wafoinike aliwafahamu: alipokuwa ofisa mdogo wa Kirumi huko Hispania alifika kwenye hekalu mashuhuri la Gades (Cádiz ya leo), hekalu la Melkarti, mungu wa Tiro. Pamoja na hayo, hakusema popote kuwa Wadruidi wanafanana na makuhani wa huko.

Ibada ambayo hatua zake zimeandikwa vizuri ni ile ya kukata mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine, Viscum album kwa jina la kisayansi, wenye matunda meupe. Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, anaipanga hivi. Husubiriwa siku ya 6 ya mwezi mwandamo. Chakula na kafara huandaliwa chini ya mwaloni, kisha huletwa mafahali wawili weupe ambao pembe zao hazijawahi kufungwa kamba. Kuhani aliyevaa nguo nyeupe hupanda mti na kuukata mmea kwa mundu wa dhahabu, wenzake wakiupokea kwa joho jeupe. Mafahali huchinjwa kwa dua. Mmea huu hupenda zaidi mitofaa na mipopla, na ni nadra kuukuta juu ya mwaloni. Ndiyo maana ukipatikana huko ulihesabiwa umetumwa na mbingu. Mundu wa dhahabu tupu ungepinda kabla ya kukata tawi, kwa hiyo yaelekea ulikuwa wa shaba nyeusi iliyopakwa dhahabu. Walioamini walisema kinywaji chake hutibu utasa wa mifugo na kuzima sumu zote. Asijaribu mtu: mmea wenyewe una sumu.

Udongo unasimulia mengi kuliko Plinius. Huko Gournay-sur-Aronde, kaskazini mwa Ufaransa, wachimbaji walifukua kati ya mwaka 1977 na 1984 uwanja wa ibada wa takribani mita 45 kwa 38, uliozungukwa na handaki. Ng'ombe wazee walichinjwa na mizoga yao ikaachwa ioze katika shimo la katikati, kama chakula cha miungu ya chini ya ardhi, kisha mafuvu na mifupa ikapangwa handakini. Wanakondoo na nguruwe wadogo waliliwa na watu. Silaha, vipande kama 2,000, zilipindwa na kuvunjwa kwa makusudi ili zisitumike tena.

Sasa linganisha na Wafoinike. Kibao cha mawe kinachoitwa Ushuru wa Marseille kina maandishi ya Kipuniki, yaani Kifoinike cha Karthago (mji wa Wafoinike katika Tunisia ya leo), kutoka hekalu la Baali Safoni, mungu wa Kifoinike, na kinaorodhesha malipo ya makuhani kwa kila mnyama: kwa ng'ombe, vipande 10 vya fedha, na kwa aina moja ya sadaka huongezwa nyama. Hii ni dini yenye karani na bei zilizochongwa kwenye jiwe. Wadruidi walikataa hata kuandika beti zao. Kibao hicho kilipatikana bandarini Marseille, katika nchi iliyokuwa Galia, na mtu mwenye haraka angekichukua kuwa ushahidi wa Wafoinike kuwafundisha Wagalia. Wataalamu wanakitambua kuwa ni cha Karthago, kikasafirishwa baadaye. Mahali kitu kilipookotwa si lazima pawe kilipotoka. Sarafu za Karthago zimeokotwa Uingereza pia, na sarafu 5 za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, bila yeyote kusema kuwa wenyeji wa huko walipewa dini na Kilwa.

Nadharia yenyewe ilizaliwa mezani. Samuel Bochart, mchungaji wa Caen, alitafuta Wafoinike kila pwani katika kitabu chake cha mwaka 1646. Aylett Sammes akaihamishia Uingereza mwaka 1676. William Stukeley, katika vitabu vyake vya mwaka 1740 na 1743, akawapa Wadruidi majengo ya Stonehenge na Avebury, duru za mawe makubwa za kale kusini mwa Uingereza, na kuwafanya wageni waliokuja na Wafoinike. Hawa watatu waliandika kabla maandishi ya Kifoinike hayajasomeka: Jean-Jacques Barthélemy aliyafumbua mwaka 1758. Walichofanya ni kuchukua majina ya miji na mito na kuyalazimisha yafanane na Kiebrania.

Makosa makubwa yako kwenye tarehe. Stonehenge ilianza kujengwa kama mwaka 3000 KK, na mawe makubwa yakasimamishwa kama 2500 KK. Wafoinike walipata kujulikana kwa jina hilo zaidi ya miaka 1,000 baadaye. Wadruidi hawatajwi popote kabla ya karne za mwisho KK.

Lugha nayo inakata shauri. Wafinyanzi wa La Graufesenque, kusini mwa Ufaransa, waliacha hesabu zao za karne ya 1 BK kwa Kigaulishi, lugha ya Wagalia. Humo "wa kumi" ni decametos, ndugu wa decimus ya Kilatini. Kifoinike ni jamaa ya Kiebrania na Kiarabu, na msemaji wa Kiswahili mwenye sita, saba na tisa mdomoni yuko karibu na tarakimu za Tiro kuliko Mgalia alivyokuwa. Sisi tulizipata kwa biashara na dini, na Kiswahili kikabaki Kibantu. Kigaulishi hakina hata alama hiyo. Walimu wa Kifoinike waliokaa muda wa kutosha kufundisha dini nzima wangeacha walau namba au vipimo.

Wapo wanaoshikilia Belenos, mungu wa Wakelti, wakisema ni Baali. Maandishi mengi ya Belenos yako Aquileia, kaskazini mwa Italia, mbali na bandari za Wafoinike. Ingekuwa ibada yake ilishuka melini, ingejaa kwanza pwani ya Gades.

Fikra hiyohiyo ilifika Afrika. Mwaka 1891 Theodore Bent, Mwingereza, alichimba magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu, na akayahusisha majengo yale na wageni wa Kiarabu na Kifoinike, kwa sababu hakuamini kuwa wenyeji wangeweza. David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walichimba kwa kufuata tabaka za udongo, wakathibitisha kuwa ni kazi ya Waafrika wenyewe. Kila mara mbinu ni ileile: wenyeji wananyang'anywa kazi yao na kupewa mgeni mwenye sifa.

Vipi kuhusu bati? Vipande vya bati vilivyoopolewa baharini karibu na Haifa, Israeli, vya karne ya 13 na 12 KK, vilipimwa isotopu (aina za atomi zinazosaidia kujua madini yalikotoka), na matokeo ya mwaka 2019 yalielekeza Cornwall. Wakati huo hapakuwa bado na bandari ya Wafoinike huko Gades, kwa hiyo bati lilipita mikono mingi. Diodorus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 1 KK, anaeleza njia ya baadaye: Waingereza hulipeleka kwa mikokoteni hadi kisiwa cha Ictis maji yakipwa, wachuuzi hulinunua na kulivusha hadi Galia, kisha farasi hulibeba kwa siku kama 30 mpaka mdomo wa mto Rhône. Njia hiyo haikumhitaji Mfoinike kukanyaga Uingereza.

Makazi ya Wafoinike ya kaskazini kabisa yanayojulikana yapo Ureno, kwenye mdomo wa mto Mondego, na vyombo vyao vimefika hadi Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Uingereza hakuna makazi hata moja. Kwenye ziwa la Llyn Cerrig Bach, katika kisiwa cha Anglesey, Wales, ambako Warumi waliwashambulia Wadruidi kama mwaka 60 BK, vilipatikana mwaka 1942 vitu zaidi ya 150 vya shaba na chuma wakati wa kujenga uwanja wa ndege. Mnyororo wa kufungia watumwa ulikuwa mzima kiasi kwamba wafanyakazi waliutumia kuvuta malori kabla ya kutambuliwa. Yalikuwamo mapanga, mikuki na vyuma vya magari ya vita. Cha Kifoinike hakikuwamo. Kitakachobadili hukumu hii ni vigae vya mitungi ya Gades ndani ya tabaka lisilovurugwa, pamoja na kaburi au madhabahu yenye maandishi ya Kifoinike, huko huko Cornwall au Wales.