Sindano haiamshi saratani

"Uvimbe ukichomwa sindano, saratani inaamka na kusambaa." Utaisikia Mikindani, utaisikia Nachingwea, na kila anayeiamini huahirisha kipimo cha kutoa kinyama kwa sindano mpaka titi linatoboka lenyewe. Inachosha.

Saratani haisubiri chuma. Seli za mirija ya maziwa zimekalia utando mwembamba uliosukwa kwa protini mbili, kolajeni ya aina ya nne na laminini. Fikiria kile kigozi kinachobaki kwenye korosho iliyobanguliwa. Seli hujishikiza hapo kwa vipokezi viitwavyo integrini. Iliyogeuka saratani hulegeza kwanza mshiko na wenzake, kisha, ikisaidiwa na seli jirani, humwaga vimeng'enya vya kukata kolajeni. Utando ukitoboka, inapenya: inanata mbele, inajivuta, inaachia nyuma, inanata tena. Ikinata mno haisogei. Isiponata haina pa kujivutia. Mara nyingi kazi hiyo imeanza kabla uvimbe haujashikika mkononi. Sindano inaukuta mlango ulishavunjwa.

Ni kweli sindano yaweza kuburuta seli chache kwenye njia yake. Nyingi hufa, kwa sababu kung'oka si kuota. Kwa titi, kipimo hiki hakifupishi maisha. Pumbu ndilo halichomwi: likishukiwa hutolewa zima, tena kupitia kinena.

Kinachoharibu kipimo ni uzembe baada ya sindano. Kinyama hutiwa spiriti, au huachwa kikauke kikisubiri gari la kukipeleka maabara Dar es Salaam. Kiingie kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, ujazo wake mara 10 ya kinyama. Na chombo kiwe cha mdomo mpana, jamani! Kinyama huingia kikiwa laini. Kikishakakamaa, hakitoki kwenye chupa ya dawa ila kwa kukatwakatwa.

"Hauumi, basi si mbaya." Uvimbe mgumu usiouma ndio wa kuwahisha hospitali. Ule ugumu unaousikia vidoleni kwa sehemu kubwa ni kolajeni iliyorundikwa na kukazwa, na nyuzi zake zikinyooka huwa njia ya seli kutokea.

"Supu ya makongoro inaimarisha ukuta, saratani haipiti." Kolajeni ya supu husagwa tumboni kuwa amino asidi kama protini ya dagaa au kunde. Inywe kwa ladha yake.