Bastola moja ya kila kazi: anza na mkono wako, si ukubwa wa risasi

Jumamosi iliyopita alinijia mzee mmoja, mfanyabiashara wa mahindi na maharage. Nyumba yake iko Sakina, shamba liko upande wa Ngarenanyuki, leseni anaisubiri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa. Kabla chai haijafika akaniambia: "Mwalimu, mimi sitaki mambo mengi. Nitafutie moja tu, iwe kubwa, ile foti faivu ambayo mtu akipigwa anaruka nyuma. Nikae nayo dukani, nilale nayo, nisafiri nayo, na shambani nyati akija nimalizane naye. Mama watoto baadaye tutamtafutia kale kadogo."

Nimewafundisha watu shabaha hapa Arusha kwa miaka mingi, na maneno hayo nimeyasikia mpaka yamenichosha. Safari hii nayaandikia, maana mtu akiyaamini huenda kununua silaha ambayo hawezi kuituma kazi, halafu siku ya hatari inamwangusha.

Tumalizane na nyati kwanza, yeye hana maneno mengi. Risasi ya milimita tisa inatoka mtutuni na nishati ya jouli kama 500. Ile ya bunduki ndefu ya .375 (namba hizi za nukta ni unene wa risasi kwa inchi, takriban) H&H, ambayo wawindaji wanaitumia kwa wanyama wakubwa tangu 1912, inapita jouli 5,500. Hata .44 Magnum, bastola ambayo vijana wanaiota kwa sababu ya sinema, inacheza kati ya 1,000 na 1,500. Ukitembea kwa miguu ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha unaongozana na askari, na silaha yake ni bunduki ndefu begani. Nyati akiingia shambani, rudi ndani na uwaite askari wa wanyamapori. Bastola itamwongezea hasira tu.

Sasa huyu mtu anayeruka nyuma. Hakuna. Nguvu inayompiga anayelengwa haizidi ile inayorudi kwenye kiganja cha aliyefyatua. Kama risasi ingekuwa na uwezo wa kumrusha mwanamume mzima ukutani, na wewe ungerushwa ukuta wa pili. Tena linganisha: risasi ya kawaida ya .45, ile foti faivu ya mzee, ina gramu 15 na inakwenda mita 255 hivi kwa sekunde. Ya milimita tisa ina gramu 8 na inakwenda mita 350. Piga hesabu, nishati zinakaribiana kabisa. Tofauti unaiona kwenye teke, yaani msukumo unaorudi mkononi, ambalo kwa .45 linazidi kwa zaidi ya theluthi moja. Mzee wangu alikuwa anataka kununua teke.

Imani hii ina historia, na haikuanzia kwa wajinga. Mwaka 1904 jeshi la Marekani lilimtuma afisa Thompson na daktari La Garde kwenye machinjio ya Chicago, wakawapiga ng'ombe hai kwa bastola za kila aina, na maiti za watu pia. Wakaandika kwamba silaha ya askari isipungue .45, na mwaka 1911 ikapokelewa ile bastola ya Browning inayojulikana kwa mwaka huo. Miaka mingi baadaye, Aprili 1986, maafisa wawili wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, waliuawa kwenye mapambano ya risasi Miami, na risasi ya milimita tisa ikabebeshwa lawama. FBI wakaenda kwenye milimita kumi, teke likawashinda wengi, mwaka 1990 ikazaliwa .40. Ilipofika 2016 walikuwa wamerudi kwenye tisa. Risasi zenyewe zilikuwa zimeboreshwa, zinaingia kina kinachotakiwa, na maafisa wao walipiga haraka na kwa usahihi zaidi wakiwa na tisa. Taasisi yenye fedha na maabara imezunguka miaka 30 ikarudi ilipoanzia. Sisi wa soko la Kilombero hapa Arusha tunataka kuanza safari hiyo upya?

Kinachoamua ni mkono, na hapa naomba uvumilivu wako.

Chukua bastola tupu. Toa magazini, koki (vuta slaidi, kile chuma cha juu, irudi nyuma), angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, ingiza na kidole, mpe na mwenzako akague. Ielekeze upande salama. Ishike mpaka juu kabisa ya mpini, mtutu unyooke na mfupa wa mkono wako kuanzia kiko. Sasa peleka kidole cha shahada kwenye triga bila kuzungusha kiganja. Nyama ya ncha ya kidole, kabla ya kiungo cha kwanza, ndiyo inayotakiwa kukaa pale. Kama kidole kinagusa kwa ukucha tu, mpini ni mnene kuliko mkono wako, na bila kujua utauzungusha ili ufikie. Mara hiyo teke halirudi tena kwenye mfupa, linarudi kwenye kiungo cha dole gumba. Kiganja kinalegea. Kiganja kikilegea, fremu, yaani mwili wa bastola, inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haimalizi mwendo wake, ganda linabanwa mlangoni, na wewe unabaki na chuma kilichokwama. Watu wananiletea bastola za namna hiyo wakisema ni mbovu. Naipiga magazini mbili mbele yao, haikwami hata mara moja. Kilichokosewa ni kipimo, kama kiatu.

Ndiyo maana unene wa mpini naupa uzito kuliko kaliba, yaani unene wa risasi. Zile .45 za magazini ya safu mbili ni nene kwa mikono mingi ninayoiona. Ile ya 1911 yenyewe ni nyembamba, lakini ni chuma kitupu, inapita kilo moja, na ndani ina risasi saba. Jaribu kuifunga kiunoni kuanzia soko linapofunguliwa hadi jioni.

Halafu "kale kadogo ka mama". Hapa ndipo hasira yangu inapofika mwisho. Bastola ndogo ni ngumu, ni silaha ya mtu aliyekwisha kufuzu. Uzito wake mdogo haumezi teke, mpini unaishia kabla ya kidole cha mwisho, vilenga vimekaribiana mno hivyo kosa dogo la jicho linakuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Tena nyingi za .380 za zamani, kama Walther PPK, hazina mtutu unaojifunga. Slaidi inazuiwa na uzito wake na springi tu, basi springi inawekwa ngumu. Mama anahangaika kukoki kitu kidogo huku bastola ya wastani ya milimita tisa, iliyo kubwa kuliko hiyo, angeikoki bila jasho. Wanaume wanawanunulia wake zao silaha ngumu kuliko zao, wakidhani wamewarahisishia. Na leseni ni ya mtu, si ya nyumba; habari ya bastola moja ya kupokezana baba na mama ife hapo hapo.

Kwa hiyo ukinibana nitaje moja ya kila kazi, nitataja ya wastani, milimita tisa, mtutu wa inchi nne hivi, magazini ya risasi 15. Glock 19 ya mwaka 1988 ndiyo mfano wa umbo hilo, na zipo nyingi za kimo chake. Umbo hilo linafichika chini ya shati la kuchomoa na bado linajaza kiganja. CZ 75 ni nzito na tulivu zaidi, ila triga yake kwa risasi ya kwanza iko mbali, pima kidole. Rangi, taa, leza: achana navyo kwa sasa. Nunua ala nzuri inayofunika triga. Fedha inayobaki iende kwenye risasi za mazoezi.

Kuhusu rivolva, ile bastola ya kasha la risasi linalozunguka, sina hakika tena. Zamani niliwaanzisha wageni wote nayo kwa kuwa haina mambo mengi. Ni kweli, lakini triga yake ndefu, nzito, iliwafundisha wengi kuivuta kwa mkono mzima, na kuiondoa tabia hiyo kulinichukua miezi.

Jambo linaloninyima usingizi ni sefu. Nyumba ina watoto, ina binti wa kazi, ina wageni wa msiba na harusi. Silaha ikifungiwa vizuri, usiku wa manane haifikiki haraka. Ikifikika haraka, mtoto naye anaifikia. Mimi nasema ifungiwe, kila siku, na nikiulizwa sasa ya nini kuwa nayo, sina jibu ninaloliamini kwa asilimia mia. Kuna watu wawili niliowashauri wasiombe leseni kabisa, wakaweka geti la chuma na mbwa.

Mzee nilimpeleka meza ya nyuma. Tulizikagua mbili za mafunzo, zote tupu. Nikampa kwanza ile kubwa aliyoitaka, nikaweka sarafu ya shilingi mia juu ya slaidi, karibu na kilenga cha mbele. "Fyatua, sarafu isianguke." Ilianguka. Akajaribu tena, ikaanguka ikabingirika chini ya kabati. Kidole chake kilikuwa kinagusa triga kwa ukucha, nikamwonyesha. Nikampa ya wastani. Mara ya kwanza sarafu iliyumba ikaanguka, mara ya pili ikabaki. Akafyatua mara sita mfululizo bila kusema neno, sarafu iko pale pale, chai yake imepoa.

"Mama watoto mikono yake ni mikubwa kuliko yangu," akasema mwisho. "Analima."

Nimemwambia Jumamosi hii aje naye.