Lugha Moja, Majina Mawili: Moldova na Romania Baada ya Ukomunisti

Ukibahatika kushika noti za Moldova, iwe ya leu 1 au ya leu 1,000, utakutana na uso uleule: Ștefan cel Mare, mtawala wa Moldova ya kale mwenye taji, aliyekalia kiti kuanzia 1457 hadi 1504. Hakuna mwingine aliyepewa nafasi hiyo. Lakini makao yake makuu yalikuwa Suceava, na kaburi lake liko kwenye monasteri ya Putna, na kote kuwili leo ni Romania. Fedha yenyewe, leu, maana yake simba, na Romania nayo hutumia jina hilohilo. Hata bendera zina rangi zilezile za buluu, njano na nyekundu, ila ya Moldova imewekwa nembo katikati.

Nafundisha sera za lugha, na kila tukifika kwenye somo la Ulaya ya Mashariki wanafunzi huniuliza: ikiwa shujaa ni mmoja na lugha ni moja, ugomvi wa jina la lugha unatoka wapi?

Unatoka kwenye mpaka. Mwaka 1812 Urusi iliimega Moldova ya kale ikachukua upande wa mashariki wa mto Prut, ambao leo ni mpaka wa Romania na Moldova. Mwaka 1918 upande huo ukaungana na Romania, na 1940 Wasovieti wakaunyakua. Ili unyakuzi huo uonekane halali, wakazi wake walitakiwa wawe taifa jingine, na taifa jingine lazima liwe na lugha yake. Kwa hiyo dola ya Kisovieti ikatangaza kwamba Kimoldova si Kiromania, ikakivalisha herufi za Kisirili kama zile za Kirusi. Maneno "lugha yetu", ambayo Romania huandikwa limba noastră, ng'ambo ya Prut yakawa лимба ноастрэ. Ukiyasoma kwa sauti hayatofautiani hata chembe. Binamu wawili, mmoja wa Iași nchini Romania na mwingine wa Chișinău, mji mkuu wa Moldova, wangeweza kuzungumza mpaka jua lizame, lakini kusomeana barua ilikuwa shida.

Nasi tuna uzoefu wa kubadili hati. Tenzi za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na wajukuu wengi wa waliozitunga hawawezi kuzisoma, ila hakuna aliyesema kwamba Kiswahili kimegeuka lugha nyingine. Mfano ulio karibu zaidi na Moldova ni Kirundi na Kinyarwanda: wasemaji wanasikilizana vizuri, na kila nchi ina jina lake la lugha.

Romania nayo ilikuwa na vita vyake vya herufi. Mwaka 1953 serikali ya kikomunisti iliifuta herufi â, hata jina la nchi likaandikwa Romînia. Mwaka 1965 ikarudishwa kwenye jina la nchi na maneno ya ukoo wake tu. Kisha 1993, miaka michache baada ya dikteta Ceaușescu kuanguka, Akademia ya Romania ikairudisha katikati ya maneno karibu yote, kwa hoja kwamba inaonesha asili ya Kilatini. Wanaisimu wengi waliupinga uamuzi huo, na kwa maoni yangu hoja zao za kitaalamu zilikuwa na nguvu zaidi. Lakini waliokuwa wakitoka kwenye udikteta walitaka uzao wao wa Roma uonekane hadi kwenye tahajia.

Moldova ilianza mapema zaidi. Tarehe 31 Agosti 1989, Umoja wa Kisovieti ukiwa bado hai, bunge la Chișinău lilipitisha sheria ya kuifanya lugha ya wenyeji kuwa lugha ya dola na kurudisha herufi za Kilatini. Azimio la uhuru la 27 Agosti 1991 likaiita lugha hiyo Kiromania, na wimbo wa taifa ukawa uleule wa Romania. Warusi, Waukraine na Wagagauzi (jamii yenye lugha ya jamii ya Kituruki) waliokuwa raia wa nchi hiyo wakaingiwa na hofu: kesho tutaamka tuko Romania? Ukingo wa mashariki wa mto Dniester ulishaanza migomo, na 1992 kukawa na vita vilivyoua mamia ya watu.

Katiba ya 1994 ikarudi nyuma ikaandika "Kimoldova". Wimbo wa taifa nao ukabadilishwa, likachukuliwa shairi la padri Alexei Mateevici la mwaka 1917. Shairi hilo linaisifu lugha mwanzo hadi mwisho bila kuitaja jina.

Nisieleweke vibaya. Jina Kimoldova si uzushi wa Stalin; waandishi wa historia wa karne ya 17 walishalitumia. Katika sensa ya 2014 zaidi ya nusu ya watu walitaja Kimoldova kuwa lugha yao ya mama, na chini ya robo wakataja Kiromania. Bibi wa kijijini anayesema "Kimoldova" analitaja jina alilorithi kwa mama yake, na anastahili heshima. Walichobuni Wasovieti ni dai kwamba hizo ni lugha mbili.

Desemba 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba azimio la uhuru lina uzito kuliko neno la katiba, na Machi 2023 bunge likaandika Kiromania katika sheria zote. Hakuna mpaka uliosogea. Waaustria husema Kijerumani na wana nchi yao. Wamoldova wamechukua miaka 30 kukubaliana kwamba hata kwao inawezekana.

Ng'ambo ya Dniester, Transnistria hujitawala bila kutambuliwa na Umoja wa Mataifa, na huko bado kunafundishwa Kimoldova cha Kisirili. Katika mji wa Grigoriopol kulikuwa na shule yenye jina la Ștefan cel Mare, ambayo kuanzia 1996, kwa ombi la wazazi, iliomba ruhusa ya kutumia herufi za Kilatini. Agosti 2002 polisi waliivamia. Shule ikahamishiwa Doroțcaia, kama kilomita 20 kutoka hapo, kwenye eneo la serikali ya Moldova. Oktoba 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba Urusi, inayoubeba utawala wa Transnistria, ilivunja haki ya watoto hao ya kusoma. Kesi ilipokuwa ikisikilizwa, watoto wa Grigoriopol walikuwa wakipanda basi kila asubuhi kwenda Doroțcaia, na kwenye kizuizi maofisa wakiwafungua mikoba na kuwapekua.